Aliyeituma Radi

1

Tangi namba 612 lilikuwa linahesabu pungufu, na Lugano Mwasomola alikuwa ameshalikagua mara tatu.

Hakuona ufa. Hakuona waya uliotafunwa na panya. Maji ya ndani yalikuwa safi kama siku yalipomiminwa, na lile jicho la kioo lililoning'inia chini ya kifuniko lilikuwa zima kabisa. Hata hivyo, kila wingu la mvua lilipojikusanya juu ya uwanda wa Isalala, tangi hilo na majirani zake thelathini yalianza kupoteza hesabu polepole, kama mtu anayesinzia katikati ya mahubiri. Radi ikishapiga, yote yanazinduka kwa mpigo.

Alifunga kifuniko, akapuliza vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, akatazama matangi mengine. Yalikuwa elfu moja na mia mbili, meusi, mafupi, yamepangwa safu kwa safu juu ya majani ya uwanda kama viazi vilivyotandazwa vikauke. Kutoka pale hadi usawa wa bahari kulikuwa na mita elfu tatu kasoro kidogo.

Kazi iliyowaleta huko juu haikuwa ya mawingu. Mbali kupita jua, nyota kubwa hufa kwa kulipuka, na katika kulipuka hurusha chembe ndogo mno, zenye nguvu ambayo hakuna mtambo duniani unaoweza kuiiga. Chembe moja ikifika huku baada ya safari ya mamilioni ya miaka, huigonga hewa ya juu na kuvunjika. Vipande vyake navyo huvunja vingine, na vingine, mpaka yanashuka manyunyu ya chembe kwa mamilioni, yakitandaa eneo la kijiji kizima kwa wakati mmoja. Hakuna anayelowa wala anayeshtuka. Ila chembe hizo zikipita ndani ya maji huacha mwanga hafifu wa buluu, na jicho ndani ya tangi huuona na kuuhesabu. Pwani manyunyu mengi hufia angani kabla hayajagusa ardhi. Ndiyo maana matangi yalipandishwa kwenye nyanda za juu za Makete, karibu na mbingu.

Hesabu za siku za mvua zilikuwa zikitupwa. Mkuu wa kituo, Daktari Shemahonge, mtu wa Lushoto mwenye sauti ya chini na subira ya kutisha, aliziita kelele, na alikuwa amemwajiri Lugano kwa kazi hiyohiyo ya kuzifuta kelele. Lakini Lugano hakuwa mtu wa kutupa kitu kabla hajakiuliza kilikotoka. Alizitunza za miezi minne. Akazilinganisha na saa za radi, moja baada ya nyingine, akisahau chai ikipoa mezani mpaka ikafanya utando.

Siku ya Alhamisi aligonga mlango wa mkuu wake akiwa na karatasi mkononi.

"Daktari, tangi halijaharibika. Linapima wingu."

"Linapima nini?"

"Umeme. Wingu likijaa umeme, huzipunguzia mwendo zile chembe nzito, miuoni, na nyingine hazifiki kabisa. Pengo la hesabu ndilo kipimo chake. Pengo likizidi kiasi hiki," aliweka kidole kwenye mstari mwekundu, "wingu limeshiba. Hapo linasubiri njia tu."

Daktari Shemahonge alivua miwani. "Njia ya nini?"

"Ya kushukia. Na njia inachorwa na manyunyu yetu. Manyunyu makubwa yakipita ndani ya wingu lililoshiba, yanaivunja hewa mstari mmoja, na radi inaufuata. Nimezikuta radi sitini na tatu za namna hiyo."

"Kwa hiyo unaweza kusema radi itapiga wapi."

"Dakika sita kabla naweza kusema wingu limeshiba. Sekunde arobaini kabla naweza kusema upande gani. Mara saba katika kumi ninapata."

Daktari alizirudia zile karatasi mpaka mvua ya nje ikakatika. Kisha Lugano akasema neno alilokuwa amelibana tangu aingie.

"Manyunyu huichora njia kwa bahati. Ile leza tunayopimia usafi wa hewa inaweza kuichora kwa makusudi."

Mkuu wake alimtazama, na Lugano aliona kwamba hata yeye, mzee wa mahesabu, alikuwa amewaka kama mtoto aliyeonyeshwa kinyonga. "Jaribu," alisema. "Ila kibali cha leza ni cha kupimia hewa tu. Mpaka tuandike, tukaguliwe, tupate kibali kipya, jambo hili liko kati yangu na wewe."

Walisimika nguzo ya chuma kwenye mwamba usio na kitu, upande wa mashariki wa uwanda. Lugano alijaribu mara kumi na moja. Mara kumi na moja radi iliacha kilima ilichokuwa inakiendea, ikageuka, ikaja kuipiga nguzo. Mara ya kwanza alipiga kelele peke yake chumbani. Mara ya kumi na moja alikuwa ameshazoea, na kule kuzoea kulimpa raha kuliko kelele.

2

Tarehe kumi na nne Machi, saa nane na robo mchana, wingu lilitua juu ya kijiji cha Ihanzi, chini ya ukingo wa uwanda. Pengo kwenye skrini lilikuwa kubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona. Zikiwa zimebaki sekunde arobaini, upande ukajitokeza. Ni shule ya msingi, ile yenye paa jipya la bati na watoto mia mbili na tisini ndani yake.

Hakufikiri. Aliwasha leza.

Radi iliipiga nguzo kwa kishindo kilichotikisa vikombe. Lugano alikaa akihema, akicheka kidogo, akawaza jinsi wale watoto walivyokuwa wanaendelea kukariri jedwali bila kujua kitu. Kwenye skrini kulikuwa na alama nyingine ndogo, upande wa bonde. Aliiona. Aliiandika kwenye daftari kama tawi la radi, akaweka alama ya kuuliza, akaenda kula.

Jumamosi alishuka Ihanzi kununua maziwa kwa Bi Ezelina Tweve, kama desturi yake. Ezelina alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mkulima wa pareto, mfupi, mwenye ulimi usiojua kuzunguka. Siku hiyo mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ukuta wa mbele ulikuwa umepakwa matope, na uani maua ya pareto yaliyoanikwa yalikuwa yamemwagwa na kukanyagwa.

Mwalimu Pilla, mwalimu mkuu wa shule, alikuwa anapita na baiskeli. Alisimama alipomwona.

"Usigonge, dada. Hafungui. Anafunga mizigo."

"Anakwenda wapi?"

"Sijui kama na yeye anajua. Jumatano radi ilimpiga Yusto Chaula. Hukusikia? Ng'ombe watatu wa maziwa walikufa palepale, banda likaungua, na yeye mwenyewe sikio la kushoto halisikii tena. Sasa wiki mbili nyuma Yusto na huyu mama walirushiana maneno pale kwenye kituo cha maziwa, watu wote wanasikia. Mama akamwambia, 'Utaona.'" Mwalimu alishusha sauti. "Wewe ni mtu wa Rungwe, unajua mambo haya. Radi ya mvua tupu haimchagui mtu. Ndivyo wanavyosema."

"Wewe unasemaje, mwalimu?"

"Mimi nafundisha sayansi darasa la sita," alisema, akitazama tairi la baiskeli. "Lakini naishi hapa. Jumatatu kuna mkutano. Atatakiwa aondoke."

Lugano aliuliza saa. Saa nane na robo, au karibu na hapo, alijibiwa. Aliuliza nyumba ya Yusto iko upande gani, na mwalimu akamwonyesha bonde kwa kidole. Miguu yake ilikuwa imeshajua kabla kidole hakijanyooka.

3

"Tawi," alisema Daktari Shemahonge. "Tawi moja katika mara kumi na mbili."

"Moja lenye ng'ombe watatu na sikio la mtu."

"Na shule upande wa pili. Usiisahau shule."

"Siisahau. Lakini ilikuwa saba katika kumi, Daktari. Labda isingepiga shule. Labda nilimpiga Yusto bure."

Walikuwa wamesimama dirishani, ukungu umeyameza matangi yote isipokuwa safu ya kwanza. Mkuu wake hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimwongezea Lugano uzito. Angekuwa mbaya, Lugano angempinga na kuondoka.

"Nisikilize," alisema. "Ukisema, leza itafungwa. Si kwa wiki, kwa mwaka, miwili. Msimu huu una mawingu mangapi bado? Kila radi itakayoshuka Ihanzi utaitazama kwenye skrini, unajua inakwenda wapi, na mikono yako imefungwa. Yule mama nitamtafutia mahali. Nina ndugu Njombe. Hatalala nje."

"Atalala Njombe akiwa mchawi."

"Atakuwa hai. Na watoto watakuwa hai."

Lugano alilibeba hilo chumbani kwake, akalibeba Jumapili nzima, akiosha nguo ambazo hazikuwa chafu. Kadiri alivyoligeuza ndivyo lilivyozidi kuwa la haki. Kilichomshinda ni jambo dogo tu. Watu wa Ihanzi walikuwa wanasema radi ile ilikuwa na mtu nyuma yake, na walikuwa wanasema kweli. Walikosea jina tu.

4

Mkutano ulifanyika kwenye kiwanja cha ofisi ya kijiji, asubuhi, jua likiwa linajikaza kutoka. Ezelina alikaa kwenye kigoda peke yake, vifurushi viwili miguuni, ameketi wima kama anayesubiri basi. Yusto Chaula alikuwa upande wa pili, mwanamume wa miaka arobaini mwenye mabega mapana, pamba sikioni, akiinamisha kichwa upande kila mtu aliposema.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshafika kwenye maneno "kwa usalama wake mwenyewe" Lugano aliponyanyua mkono.

"Mwenyekiti, radi ile naijua aliyeituma."

Watu wote waligeuka kumtazama.

"Ni mimi."

Alieleza. Hakueleza vizuri. Alianza na nyota, akaona amepotea, akarudi kwenye matangi, akafika kwenye shule, na alipolitaja paa jipya la bati akinamama kadhaa walisimama bila kujua kwamba wamesimama. Alisema kuhusu nguzo. Alisema kuhusu tawi, na ile alama ya kuuliza aliyoiweka daftarini kabla ya kwenda kula.

Mwenyekiti alikuna kidevu. "Kwa hiyo ulitukinga, au ulitupiga?"

"Vyote viwili. Kwa kitufe kimoja."

"Mwanangu yuko darasa la tatu!" mama mmoja alipaza sauti. "Mimi namshukuru huyu binti, semeni mtakavyo!"

"Na ng'ombe wangu?" Yusto alikuwa amesimama. Alisema kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo watu wasiojisikia. "Dada, nakuuliza. Nani alikwambia unichague mimi?"

"Sikukuchagua, kaka. Sikujua kama upo."

Yusto alilifikiria jibu lile. "Hiyo ndiyo mbaya zaidi," alisema.

Lugano alihisi machozi, akayazuia, kwa sababu aliona hayakuwa na kazi pale. Mzee mmoja alidai kwamba binti amehongwa na Ezelina, kwani nani aliwahi kusikia radi inaitwa kwa taa? Wengine wakamuunga mkono. Watu walianza kuongea wote kwa pamoja, na ndipo Ezelina alipoinuka. Lugano alidhani atamshukuru.

"Tangu Jumatano," Ezelina alisema, akimtazama yeye tu. "Leo Jumatatu. Siku tano nimetupiwa matope, nawe unanunua maziwa kwangu. Ulijua lini?"

"Jumamosi, mama."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nilifua nguo."

Ezelina aliinama, akachukua vifurushi vyake, na watu wakampisha akirudi nyumbani kwake, si barabarani. Hakuna aliyemzuia.

Yusto ndiye aliyebaki amesimama katikati. "Mimi siamini maneno," alimwambia Lugano. "Na pia sikatai. Nionyeshe."

5

Yusto alipanda uwandani kesho yake, na keshokutwa, na siku ya tatu. Siku ya kwanza alitembea kati ya matangi akiyagonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti. Akauliza maji yanabadilishwa lini. Akauliza kwa nini yawe gizani. Lugano alipomwambia kwamba mwanga wenyewe ni mdogo kiasi kwamba kiberiti kimoja kingelipofusha tangi, alichuchumaa akatazama kifuniko kwa muda mrefu.

"Na hizo chembe zinapita hata mwilini mwangu?"

"Sasa hivi. Moja kila sekunde kwenye kiganja chako."

Alifungua kiganja, akakitazama. "Miaka yote hiyo zinasafiri," alisema, "halafu zinakuja kupita kwa Yusto."

Siku ya pili wingu lilikuja, na Daktari Shemahonge mwenyewe akamsogezea kiti. Yusto aliliona pengo likichimbika kwenye skrini. Aliona dakika sita zikihesabiwa. Aliona upande ukijitokeza, msitu wa misonobari, na akageuka dirishani kwa wakati ili aione radi ikishukia msituni. Leza hawakuiwasha. Ilikuwa imeshafungwa kwa utepe wa wakaguzi, kama Daktari alivyotabiri, na kwa wiki tano ilibaki hivyo.

Haikuwa mwaka. Barua iliyoifungua haikutoka kwa wanasayansi, ilitoka Ihanzi, ikiwa na mhuri wa kijiji na saini mia nne na kitu. Masharti yake aliyaandika Mwalimu Pilla kwa mwandiko wa ubaoni. Wingu likishiba, kengele ya kijiji ipigwe, watu washuke vilimani na kuingia ndani. Daima awepo mtu wa kijiji kwenye redio ya mkononi, kwa zamu. Leza isiwashwe kabla mtu huyo hajajibu. Asipojibu, isiwashwe. Daktari Shemahonge aliisoma barua mara mbili, akasema sekunde arobaini hazitoshi watu wawili kukubaliana. "Zitatosha," Lugano alijibu, "au hazitatosha. Lakini hazitakuwa zangu peke yangu." Chini kabisa, katika orodha ya wenye zamu, jina la Ezelina Tweve lilikuwa la pili. Hakumwuzia Lugano maziwa mpaka mwezi wa tano.

Tarehe ishirini na saba Aprili, saa tisa alasiri, pengo lilizidi lile la Machi.

Zamu ilikuwa ya Yusto. Kengele ilikuwa imeshalia, Lugano aliisikia ndani ya redio ikififia. Kisha upande ukajitokeza.

"Yusto. Ni shule tena. Saba katika kumi."

"Watoto wamo?"

"Wamo. Uwanjani ni hatari zaidi."

"Ukiwasha?"

"Itakwenda kwenye nguzo. Ila wingu ni zito, naliona tawi. Bondeni. Kati ya kisima na banda lako jipya."

Redio ilikwaruza. Thelathini na moja. Thelathini.

"Mimi niko bandani," Yusto alisema.

"Toka!"

"Nina ndama mgonjwa. Sekunde ngapi?"

"Ishirini na sita. Yusto, toka, mwache."

Alisikia pumzi, kwato, mlango wa mbao, mtu akimwita mnyama kwa majina ya kubembeleza halafu kwa matusi. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Kumi na tisa. Angeweza kukibonyeza. Watoto mia mbili na tisini, na mtu mmoja, na hesabu hiyo mwezi Machi aliifanya bila hata kujua kwamba anaifanya. Kumi na nne. Daktari Shemahonge alikuwa amesimama nyuma yake. Kumi na moja.

"Nimetoka!" Sauti ilitetemeka kwa kukimbia. "Nimembeba. Niko barabarani, ng'ombe wengine wamegoma kutoka. Washa."

"Una uhakika?"

"Dada, washa!"

Alibonyeza. Dirisha likawa jeupe, kishindo kikaja juu yake kabla weupe haujaisha, na redio ikawa mvumo mtupu.

"Yusto?" Mvumo. "Yusto Chaula?"

Alihesabu bila kujua anahesabu nini. Alifika kumi na saba.

"Nipo," sauti ilisema, ikihema. "Shule je?"

"Imepiga nguzo. Shule ni salama."

"Na hapa hakuna kitu. Banda limesimama, kisima kipo, ng'ombe wananitazama kama mwendawazimu. Hilo tawi lako halikuja."

Lugano alivuta skrini karibu. Alama ya nguzo ilikuwepo, kubwa, safi. Bondeni, mahali ambapo mahesabu yake yote yalisema tawi lishuke, matangi hayakuonyesha chochote. Aliirudisha nyuma sekunde kwa sekunde. Tawi lilianza, likafika nusu ya njia, likafutika.

"Unasikia?" Yusto alisema. "Nauliza, kwa nini halikuja?"

Daktari Shemahonge aliinama juu ya bega lake, na wote wawili wakaitazama ile nusu ya mstari. Nje mvua ya mawe ilianza kuyapiga matangi elfu moja na mia mbili.

"Sijui," Lugano alisema.

"Basi tafuta," Yusto akamwambia. "Mimi sizimi redio."